Mama aliyejeruhiwa katika uzazi uliopita: ajifungue kwa njia gani safari hii?



Wakati wa Kwaresima iliyopita, baada ya Misa katika kimojawapo cha vigango vya huku Mamba, alinijia mama kijana akiwa na mama mkwe wake. Walisimama pembeni mpaka waamini wengine walipoondoka, ndipo mama mkwe akasema: “Baba Paroko, mkamwana wangu ana mimba ya miezi mitano. Kliniki wanasema hatazaa kwa njia ya kawaida, atapasuliwa. Je, Kanisa linakubali?”

Yule kijana hakusema neno. Baadaye nilielezwa kwamba katika uzazi wake wa kwanza alikaa na uchungu nyumbani kwa siku mbili, mtoto akazaliwa akiwa amekwisha kufa, na tangu hapo mkojo ukawa ukimvuja mchana na usiku. Alifanyiwa upasuaji wa kumrekebisha, akapona. Watu wa nyumba yake walidhani kwamba kupona huko kulikuwa mwisho wa jambo lile, na sasa azae kama wanawake wengine.

Mimi si tabibu. Lakini swali hilo nimekwisha kuulizwa mara kadhaa, nikalazimika kujifunza kwa waganga na wakunga, na ninaona yafaa niandike niliyojifunza.

Jeraha alilopata mama yule huitwa fistula ya uzazi. Hutokana na uchungu pingamizi: kichwa cha mtoto hukwama nyongani, kikabana kibofu, na wakati mwingine utumbo, dhidi ya mifupa kwa saa nyingi. Sehemu iliyobanwa hukosa damu, hufa, na baada ya siku chache huachia tundu. Si laana, wala haitokani na uzinzi, kama ninavyosikia ikisemwa na watu ambao wangepaswa kujua zaidi. Inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na CCBRT ya Dar es Salaam zimewarudishia wanawake wengi heshima yao kwa njia hiyo.

Tundu likishazibwa, mahali pale hubaki kovu, na kovu halina mnyumbuko wa nyama ya asili. Kichwa cha mtoto mwingine kikipita hapo, kovu laweza kupasuka na fistula ikarudi. Na kuirekebisha mara ya pili ni vigumu kuliko mara ya kwanza. Tena, ile nyonga iliyomkwamisha mtoto wa kwanza ni ileile. Ndiyo sababu madaktari humshauri mama aliyewahi kurekebishwa fistula ajifungue kwa upasuaji uliopangwa, kwa kawaida mimba ikiwa imekomaa lakini kabla uchungu haujaanza. Kwa mama huyu, basi, kliniki haikuwa ikimtisha.

Si kila jeraha la uzazi lina jibu hilo, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Yuko mama aliyechanika msamba. Waganga hugawa mipasuko hiyo katika madaraja manne. La tatu hufikia misuli inayozuia haja kubwa, na la nne hufikia ukuta wa utumbo wenyewe. Aliyeshonwa vizuri na kupona bila kubaki na tatizo, mara nyingi anaweza kuzaa tena kwa njia ya kawaida. Hatari ya kuchanika hivyo tena hukadiriwa kuwa kwa akina mama 5 hadi 7 katika kila 100. Bali yule ambaye bado hawezi kuzuia hewa au choo, anapaswa kulisema jambo hilo kliniki bila kuficha, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kubadilisha ushauri na kumfanya daktari azungumze naye juu ya upasuaji. Najua ni aibu kulitamka. Mkunga amekwisha kusikia makubwa zaidi.

Na yuko aliyejifungua kwa upasuaji hapo awali. Kama alikatwa mara moja tu, kwa mlalo, sehemu ya chini ya kizazi, na sababu ya wakati ule haikujirudia, anaweza kujaribu njia ya kawaida, na karibu watatu kati ya wanne hufaulu. Hatari yake ni kizazi kupasuka kwenye kovu, jambo linalotokea kwa takriban mama 1 kati ya 200. Mama wa namna hiyo asijaribu nyumbani wala katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Kizazi kikipasuka, muda wa kumwokoa yeye na mtoto huhesabiwa kwa dakika.

Upasuaji nao si jambo jepesi. Una hatari ya kutokwa damu nyingi na ya maambukizi, na kila unaporudiwa huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza kwenye kovu katika mimba zinazofuata. Kwa hiyo mama ambaye hana sababu ya kupasuliwa asiuombe kwa hofu tu, na mwenye sababu asiukatae kwa fahari.

Sasa nirudi kwenye swali la mama mkwe. Kanisa halina neno lolote dhidi ya upasuaji wa kujifungua. Wapo wanaotaja adhabu ya Eva katika Kitabu cha Mwanzo, kana kwamba mama asiyepita katika uchungu amekwepa agizo la Mungu. Papa Pius XII alilijibu jambo hili tarehe 8 Januari 1956, alipozungumza na madaktari juu ya kujifungua bila maumivu: Maandiko yale hayamkatazi mama kutumia njia halali za kupunguza mateso ya uzazi. Kama maumivu yanaweza kupunguzwa, je, si zaidi sana kuokoa uhai?

Tunaye pia Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia aliyetangazwa mtakatifu tarehe 16 Mei 2004. Wengi humsimulia kama mama aliyekataa matibabu. Sivyo. Akiwa mjamzito alikubali kufanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe, akikataa tu njia ambazo zingemwua mtoto; na Jumamosi Kuu ya mwaka 1962 binti yake alizaliwa kwa upasuaji. Gianna alifariki wiki moja baadaye kwa maambukizi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba hakuzaa.

Kwetu Mamba kuna jambo jingine ambalo wa mjini halimsumbui, nalo ni barabara. Kutoka hapa hadi Mpanda ni kupita Majimoto, Usevya na Kibaoni, kisha katikati ya Hifadhi ya Katavi hadi Sitalike. Nani ataipita njia hiyo usiku wa masika akiwa na uchungu? Kwa mama aliyerekebishwa fistula, hata kama kituo kilicho karibu kinapasua, inafaa apate daktari mzoefu, kwa kuwa kibofu chaweza kuwa kimeshikamana na kizazi. Kwa hiyo kuchagua njia ya kujifungua ni pamoja na kuchagua siku ya kuondoka nyumbani. Aende kliniki mara tu anapojua ni mjamzito, aeleze yote yaliyompata, akiwa na karatasi za hospitali alikotibiwa, na wakubaliane atasafiri lini akasubirie karibu na hospitali, kwa ndugu au katika nyumba ya akina mama wanaongojea kujifungua. Dharura ikitokea kabla ya hapo, namba 115 hupigwa bila malipo ili kupata usafiri kupitia mpango wa m-mama.

Nanyi akina baba, nauli na fedha ya kujikimu mjini kwa wiki tatu au nne haipatikani kwa siku moja. Anzeni kuweka mapema, uzeni mpunga kidogo kidogo. Jumuiya ndogo ndogo nazo zinaweza kumlimia shamba mama aliye safarini. Tumelifanya kwa wagonjwa wengine. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa aje pia apewe Mpako wa Wagonjwa kabla ya kuondoka. Si sakramenti ya kumwaga mtu buriani.

Yule mama kijana aliondoka mwezi Juni, vumbi likiwa limekwisha kutanda barabarani, akafikia kwa shangazi yake Mpanda. Alijifungua mtoto wa kike mwezi Julai, na hakuvuja tena. Siku ya ubatizo aliyembeba mtoto alikuwa mama mkwe, na baada ya Misa alinivuta pembeni: kuna jirani yake aliyeumia hivyo hivyo, naye ana mimba ya miezi mitatu. Nilimwambia ampeleke kliniki Jumatatu.