Nyumba aliyokaa Livingstone Ujiji: ilijengwaje, na nani wengine waliishi humo?

Mgeni anayefika Ujiji, kilomita chache kutoka mjini Kigoma, huonyeshwa mnara wa kumbukumbu na miembe inayosemekana kuwa uzao wa mwembe wa zamani. Wengi huuliza: nyumba yenyewe iko wapi? Haipo. Ilikuwa tembe, nyumba ya udongo, na udongo ulirudi ardhini. Hata hivyo tunajua ilikuwa nyumba ya namna gani, na tunawajua baadhi ya waliokaa humo.

Tembe ni nini?

Tembe lina kuta nene za miti na udongo. Juu yake hulazwa boriti, kisha fito, kisha nyasi, na mwisho udongo hushindiliwa mpaka paa liwe bapa. Wagogo na Wanyamwezi walijenga hivyo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walioingia bara wakaifuata namna hiyo, wakaongeza baraza pana la mbele na vyumba vya kufungia mali. Udongo haushiki moto upesi kama nyasi, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mwenye shehena za nguo, shanga na pembe za ndovu. Udhaifu wake ni maji. Paa lisipotengenezwa kila mwaka kabla ya masika, mvua hupenya, boriti huoza na kuta huanguka.

Nani waliishi humo?

Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho cha misafara kutoka Bagamoyo kabla ya kuvuka ziwa. Mwaka 1858, Burton na Speke walipofika walipewa tembe bovu la mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu. Livingstone alifika Machi 1869 akiwa mgonjwa, amebebwa na msafara wa Muhammad bin Gharib, aliyekuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Aliporudi Ujiji Oktoba 1871, baada ya kushuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, alikuta bidhaa zake zimeuzwa. Muda mfupi baadaye akafika Stanley, na wawili hao wakaketi barazani wakizungumza.

Lakini nyumba hiyo haikuwa ya mzungu mmoja peke yake. Aliyetangulia kumlaki Stanley njiani ni Susi, kisha Chuma, ambaye utotoni alikombolewa kutoka katika msafara wa watumwa. Jikoni alikuwapo Halima, mpishi, ambaye Stanley anaeleza jinsi alivyohangaika siku ile kuandaa chakula cha mgeni. Livingstone alipofariki Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Bila wao, shajara zake za mwisho pengine zisingesalia.

Kwa nini jambo hili lina uzito leo?

Anayetaka kuona tembe la wakati ule aende Kwihara, karibu na Tabora, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Hilo lilikarabatiwa na sasa ni makumbusho. Tangu 2006, Kwihara na Ujiji zimo katika orodha ya awali ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO kuhusu njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu.

Orodha peke yake haizuii mvua. Nyumba ya mawe huweza kusahauliwa miaka mingi ikabaki imesimama, lakini ya udongo hudumu tu ikiwa kuna mtu anayeitunza na fundi anayejua kazi. Mtaa wenye nyumba kongwe za udongo ukikosa watu hao, utabaki kama uwanja ule wa Ujiji: mnara upo, nyumba haipo. Na wa kwanza kusahauliwa huwa ni wale ambao majina yao hayakuandikwa kwenye mnara, kama Halima.