Kituo Kisichokuwapo: Mandhari ya Zimamoto katika Tamthiliya ya Televisheni

Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza jinsi mandhari ya kubuni inavyofanya kazi katika tamthiliya ya televisheni. Mfano nitakaoutumia ni kituo cha zimamoto. Najua wapo watakaoguna: zimamoto na fasihi wapi na wapi? Naomba wanivumilie. Swali hili nimelitoa nyumbani kwetu Moa, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Huko kuna kibanda cha video ambako vijana, wakishatoka pwani jioni, hutazama michezo ya Kimarekani. Likizo iliyopita mchezo uliokuwa ukitawala pale ulikuwa Chicago Fire. Mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, wewe unasoma fasihi, hebu sema, hicho kituo kipo kweli?" Nikamjibu kwa mkato kwamba hakipo. Baadaye nikaona kwamba jibu lile halikutosha.

Kipo na hakipo

Chicago Fire ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2012. Wabunifu wake ni Michael Brandt na Derek Haas. Kituo kinachoonyeshwa, namba 51, ni cha kubuni. Lakini jengo tunaloliona kwa nje ni kituo halisi cha mji wa Chicago, chenye gari namba 18, kilichopo barabara ya Blue Island. Askari halisi wamelala humo na kutoka humo kwenda kwenye moto halisi, huku dunia nzima ikilijua jengo lao kwa namba isiyokuwa yao.

Waingereza walitangulia kufanya hivyo. Tamthiliya yao London's Burning, iliyoanza kama filamu ya Jack Rosenthal mwaka 1986, kisha ikawa mfululizo kuanzia 1988 hadi 2002, ilikuwa na kituo cha kubuni kilichoitwa Blackwall. Picha zake nyingi zilipigwa katika kituo halisi cha Dockhead, kusini ya mto Thames. Basi tunaona kwamba mtunzi huazima kuta za kweli, akaziingizia watu wa kubuni. Kuta zinamsaidia hadhira kuamini, na ubunifu unampa mtunzi uhuru wa kumuua mhusika yeyote bila kushtakiwa na mtu!

Kwa nini kituo?

Zipo sababu tatu zinazofanya kituo cha zimamoto kuwa mandhari yenye nguvu.

Kwanza, kinawakusanya watu wasio ndugu wakaishi kama ndugu. Askari wa zimamoto wa Chicago hufanya kazi saa 24 mfululizo, kisha hupumzika saa 48. Kwa hiyo kituo lazima kiwe na jiko, meza ya chakula na vitanda. Mtunzi hana haja ya kutafuta kisingizio cha kuwakutanisha wahusika wake. Tazama Casey na Severide: katika kipindi cha kwanza kabisa mwenzao Darden anafariki motoni, na kila mmoja anamlaumu mwenziwe. Casey anaongoza gari la ngazi namba 81, Severide anaongoza kikosi cha uokoaji namba 3. Magari yao yanaegeshwa ubavu kwa ubavu. Wagombane wasigombane, watakula meza moja. Sisi watu wa pwani tunaijua hali hii. Nahodha na baharia wakikosana katikati ya bahari, nani atashuka?

Pili, king'ora. Katika tamthiliya ya kawaida mtunzi huhangaika namna ya kukata mazungumzo. Hapa king'ora kinalia tu, na mtu aliyekuwa karibu kukiri siri yake anaiacha mdomoni na kukimbilia gari. Siri inabaki, na sisi tunabaki tukiisubiri. Kwa maneno mengine, king'ora ni sehemu ya msuko.

Tatu, jengo hudumu kuliko watu. Wahusika wanakufa, wanahama, wanaoa, lakini kituo kinabaki, na mgeni mpya akiingia anakuta desturi zinamsubiri. Ndiyo maana mtunzi akitaka kutuumiza sana hatishii mtu, anatishia kukifunga kituo chenyewe. Jambo hilo limefanyika katika mchezo huu.

Mifano ya kwetu

Asije mtu akadhani mbinu hii ni mali ya Wamarekani peke yao. Vioja Mahakamani ya Kenya imeishi miaka mingi ndani ya chumba kimoja cha mahakama. Washtakiwa wanaingia na kutoka, kizimba kiko palepale. Hapa Tanzania, Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, mmoja wa wahusika wakuu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori. Yeye mandhari yake ilikuwa safari, maana ujumbe wa mchezo ulihusu ukimwi, na ugonjwa ulisafiri barabarani. Katika michezo yote miwili mahali ndipo panapozaa mgogoro. Mtoe Mkwaju barabarani umweke dukani, mchezo umekwisha.

Usiku wa jiko

Sasa nirudi Moa. Siku chache baada ya mdogo wangu kuniuliza swali lake, jiko la bibi lilishika moto usiku. Ilikuwa kaskazi, upepo mkali, na paa ni la makuti makavu. Cheche ziliruka hadi paa la nyumba kubwa. Mjomba alipanda juu na panga akaanza kuyakata na kuyatupa chini makuti ambayo hayajawaka, ili moto ukose njia. Wanawake walijipanga kutoka kisimani, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Wengine walirusha mchanga. Nyumba ilipona nusu. Jiko, mtungi wa bibi na kuku wake vilikwisha.

Asubuhi, tumekaa barazani tumechafuka masizi, mtu mmoja akauliza kama kuna aliyepiga simu zimamoto. Kimya. Vijana wote pale walikuwa wanaijua 51. Hakuna hata mmoja aliyeijua 114, namba ya dharura ya Jeshi letu la Zimamoto na Uokoaji. Na mimi msomi wa Chuo Kikuu nimo katika hao, siwezi kujitoa. Gari lingefika kwa wakati ama lisingefika, hilo ni jambo jingine, sisi hatukuita.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tunasema nini tunaposema kwamba mandhari ni "mahali tukio linapotokea". Maelezo hayo ya darasani ni mafupi mno. Mandhari inamzoesha hadhira kutarajia jambo. Kituo namba 51 kinamzoesha mtazamaji kwamba moto ukiwaka, king'ora kinalia chenyewe. Kazi ya kuita haionekani sana, kwa sababu kamera imekaa upande wa wanaoitwa.

Hitimisho

Sisemi vijana waache kutazama, la hasha. Mimi mwenyewe nilitazama hadi betri ikaisha. Ninachodai ni kwamba mhakiki wa tamthiliya ya televisheni aiulize mandhari kama anavyomuuliza mhusika: unaonyesha nini, na unaficha nini? Na kwa watunzi wetu ninalo ombi. Ipo tamthiliya inayosubiri kuandikwa ambayo kituo chake ni kisima, meza yake ni baraza, na gari lake la ngazi ni mjomba mwenye panga juu ya paa. Mgogoro upo tayari: ni nani atakayepiga simu, na watafanya nini wakati wanasubiri?

Mdogo wangu nimeshamjibu upya. Na ile namba ameiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko jipya. Bibi kagomba kidogo kwamba anachafuliwa ukuta, lakini hajaifuta.