Mimba ya Kwanza na Maswali Yake

Wake wachanga wa Ufipa wana maswali ambayo haya huwazuia kumwuliza mama mkwe, na waume zao hutuletea kwa kunong'ona, wenzao wakiisha kutoka. Twajibu hapa machache.

Kutapika katika miezi mitatu ya kwanza si ajabu. Na anywe uji wa ulezi kidogo kidogo. Ila asipoweza kushika hata maji, apelekwe kwa mganga. Mwingine ahangaika kwa kuwa mtoto hachezi. Katika mimba ya kwanza mama huanza kumsikia juma la 18 hata la 20. Lakini akiisha kumzoea, kisha mtoto akanyamaza, na aende hospitali siku ile ile.

Wengine huficha mimba kwa kuogopa kijicho. Hofu hiyo twaifahamu, lakini yaleta hasara, maana yafaa kufika kliniki kabla ya majuma 12 kutimia. Huko hupimwa damu, hupewa vidonge vya kuongeza damu, na tangu mwezi wa nne dawa ya kukinga malaria. Watu wa Sumbawanga hujisifu kwamba baridi yetu haina mbu. Je, nani kwetu asiyeshuka bonde la Rukwa?

Sasa neno zito. Je, uchungu ukikawia, ni kweli kwamba mke amezini? Usiku wa mtoto wetu wa kwanza, wakati wa masika, wazee wa jamaa walisimama mlangoni wakimtaka mama wa watoto wetu ataje jina. Sisi tuliokuwa tukifundisha watu Amri Kumi tulinyamaza. Kulipopambazuka, bibi jirani ndiye aliyetukaripia na kutafuta mkokoteni wa ng'ombe. Huko hospitali mkunga alisema kichwa cha mtoto kimelala vibaya, basi. Mtoto alizaliwa hai. Siku ya tatu mama yake akatuuliza, "Nawe, ulikuwa wangoja nimtaje nani?" Hatukuwa na jibu, wala hatunalo hata leo.

Uchungu wa kwanza hukawia kwa sababu njia haijapata kufunguka. Saa 12 si ajabu. Lakini damu ikitoka, au kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso ukivimba, au kifafa kikimshika, mambo hayo hayangoji baraza la wazee.

Adriano Atiman, katekista na mganga, alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu huko hata alipokufa mwaka 1956. Hospitali moja ya Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Hivyo mwalimu wa dini asione haya kusema habari za uzazi.

Nanyi waume mkaao mbali, wekeni nauli mapema. Masika njia za bondeni huharibika. Afadhali mke aje kukaa karibu na hospitali majuma mawili kabla ya siku zake, na mtu wa kumpikia awe pamoja naye.