Askari waliochekesha wenzao karibu na mstari wa mbele

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1917, wakati mizinga ikiendelea kunguruma kaskazini mwa Ufaransa, Divisheni ya Tatu ya jeshi la Kanada iliwachukua askari wake wasiozidi kumi, ikawapa piano, vipodozi na magauni, kisha ikawapa kazi ya kuwachekesha wenzao.

Kwa msomaji wa leo uamuzi huo waweza kuonekana wa ajabu. Miezi michache kabla yake, Aprili mwaka huohuo, Wakanada walikuwa wamepoteza watu wapatao 10,600, waliouawa na waliojeruhiwa, katika siku nne tu za mapigano ya kilima cha Vimy. Jeshi lililopata hasara kama hiyo lilihitaji kila mwenye uwezo wa kushika bunduki. Kwa nini basi baadhi yao wapandishwe jukwaani?

Jibu la swali hilo laeleza mengi kuhusu namna majeshi yanavyowatunza, na pia yanavyowatumia, watu wake. Aidha, linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa mwaka 1944 vijana wa eneo hili nao walibeba magitaa hadi kwenye misitu ya Burma kwa kazi kama hiyo.

Siku nyingi za kusubiri

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914-1918), askari wa upande wa magharibi hakukaa handakini kila siku. Kikosi kilikaa siku chache mstari wa mbele, kikarudi mstari wa pili, kisha kikapelekwa kupumzika katika vijiji vilivyokuwa kilomita chache nyuma. Baada ya hapo mzunguko ulianza upya.

Mapumziko hayo yalikuwa na taabu zake. Askari alikuwa ametoka kuwazika rafiki zake, na alijua kwamba baada ya siku kadhaa angerudi kulekule. Katikati ya hayo palikuwa na matope, baridi, gwaride na muda mrefu usio na shughuli. Wengi walikimbilia ulevi na madanguro, na makamanda waliyahofia maradhi ya zinaa kwa kuwa yaliwaondoa watu vitani kama risasi.

Ndipo vikundi vya burudani vilipozaliwa. Mwishoni mwa mwaka 1914, Divisheni ya Nne ya Uingereza ilikuwa tayari na kikundi chake kilichoitwa The Follies. Divisheni ya Sita ikafuata na The Fancies, kilichofanya maonyesho katika mji wa Poperinge, Ubelgiji, uliokuwa yapata kilomita 12 kutoka Ypres, mji uliogeuzwa kifusi kwa mizinga. Kadiri vita ilivyoendelea, karibu kila divisheni ya Uingereza na ya makoloni yake makubwa ilikuwa na kikundi cha aina hiyo.

Maonyesho yalifanyika popote palipokuwa na paa: ghala la nafaka, shule iliyohamwa, banda la mbao, au jumba la maonyesho ambalo wenyewe walikuwa wamelikimbia vita. Mara nyingi mtazamaji alilipa kiingilio kidogo, na fedha hizo zikaingia katika mfuko wa divisheni.

Nchi nyingine zilichukua njia tofauti. Ufaransa ilianzisha mwaka 1916 mpango wa kuwapeleka waigizaji wa kulipwa kwa askari, na miongoni mwao alikuwamo Sarah Bernhardt, mwigizaji mashuhuri aliyekuwa amekatwa mguu mwaka mmoja kabla. Wajerumani nao waliendesha jumba la maonyesho katika mji wa Lille walioukalia. Vikundi vya Waingereza na Wakanada vilitofautiana na hivyo kwa jambo moja kubwa: aliyekuwa jukwaani alikuwa askari kama aliyeketi benchini.

Kikundi cha The Dumbells

Kikundi cha Wakanada kilichotajwa hapo juu kiliitwa The Dumbells. Jina lake lilitokana na nembo ya Divisheni ya Tatu, iliyokuwa chuma cha mazoezi chenye vichwa viwili, ishara ya nguvu. Kiongozi wake alikuwa Merton Plunkett, mzaliwa wa Ontario, aliyekuwa na cheo cha heshima cha kapteni na kazi ya kusimamia burudani chini ya chama cha vijana wa Kikristo, YMCA.

Plunkett hakuwatafuta wasanii wake mbali. Aliwachagua miongoni mwa askari wa divisheni yake, akiwamo mdogo wake, Al Plunkett, aliyekuwa mwimbaji, na Jack Ayre, aliyepiga piano.

Programu yao ilichanganya nyimbo za pamoja, nyimbo za mapenzi, ngoma na michezo mifupi ya kuchekesha. Mada zilitoka katika maisha ya kila siku ya askari: nyama ya kopo isiyokwisha, jamu ya aina moja mwaka mzima, chawa, sajini mkali, na maofisa wa makao makuu waliopanga mashambulizi wakiwa mbali na risasi.

Sifa zao zilienea upesi. Mwaka 1918 walifanya maonyesho kwa wiki nne katika jumba la Coliseum jijini London. Baada ya silaha kuwekwa chini Novemba mwaka huo, waliungana na wasanii wa kikundi kingine cha askari wa Kanada, kile cha kikosi cha Princess Patricia, wakaigiza mchezo wa kuimba wa H.M.S. Pinafore mjini Mons, Ubelgiji.

Lakini kicheko hicho kilikuwa na kivuli chake. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba 1917, Wakanada walipigana katika matope ya Passchendaele, wakapata hasara ya watu wapatao 15,600. Divisheni ya Tatu ilikuwamo. Benchi zilizojaa katika maonyesho ya mwanzo zilijazwa baadaye na sura nyingine.

Wasanii wenyewe hawakuwa salama daima. Katika divisheni kadhaa, mapigano yalipopamba moto, maonyesho yalisimamishwa na wasanii wakapelekwa mbele kubeba majeruhi kwa machela.

Wanaume waliovaa magauni

Jambo lililowavutia watazamaji kuliko mengine yote lilikuwa wanaume walioigiza kama wanawake. Wanawake hawakuruhusiwa karibu na mstari wa mbele, isipokuwa wauguzi na wachache wengine, kwa hiyo kila kikundi kilimtafuta kijana mwenye sauti na umbo la kufaa, akavishwa gauni, wigi na viatu vya visigino.

Katika The Dumbells, Ross Hamilton aliigiza kama Marjorie, na umaarufu wa mhusika huyo ulizidi wa karibu kila mwenzake. Hakuigiza kwa kejeli. Alijitahidi kuonekana na kuimba kama mwanamke halisi, na watazamaji walinyamaza kumsikiliza.

Ukimya huo waweza kueleweka. Kwa mtu ambaye kwa miezi mingi hakumwona mke, mchumba wala dada yake, dakika chache za gauni na wimbo laini zilimrudisha nyumbani. Mshairi Siegfried Sassoon, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, aliandika mwaka 1918 shairi kuhusu onyesho lililofanywa kwa ajili ya askari katika kambi nchini Misri. Kinachotawala humo ni kiu ya nyumbani, wala si kicheko.

Utani kwa idhini ya mkubwa

Katika jeshi, kumdharau mkubwa ni kosa la kuadhibiwa. Hata hivyo, jukwaani askari wa kawaida aliweza kuiga mwendo wa kanali na sauti ya jenerali, huku wenyewe wakiwa wameketi safu ya mbele wakicheka.

Makamanda hawakuruhusu hayo kwa ukarimu tu. Katika mwaka huohuo wa 1917, baada ya shambulio lililoshindwa, uasi ulizuka katika karibu nusu ya divisheni za Ufaransa, askari wakikataa kurudi kwenye mashambulizi. Kila jeshi lilifahamu kwamba manung'uniko yasiyopata njia ya kutokea huweza kulipuka. Utani wa jukwaani ulikuwa njia mojawapo ya kuyatoa.

Mwanahistoria J. G. Fuller, aliyechunguza maisha ya askari wa Uingereza na makoloni yake katika vita hiyo, anaeleza kuwa burudani za kiraia walizozihamishia vitani, kama vile nyimbo, michezo na magazeti ya mahandakini, zilichangia kulifanya jeshi hilo listahimili.

Hapo ndipo penye utata wa jambo lenyewe. Kikundi cha burudani kilimpa askari nafasi ya kusema ukweli wake mbele ya wakubwa. Wakati huohuo kilimtengeneza ili aweze kurudi handakini. Kazi hizo mbili zilifanywa na wimbo uleule, usiku uleule, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha.

Kutoka beni hadi Burma

Afrika Mashariki ilikuwa na uzoefu wake. Kabla ya vita ya 1914, miji ya pwani ilikuwa tayari na ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi za wazungu, sare zao na vyeo vyao. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi askari na wapagazi walivyoieneza ngoma hiyo wakati wa vita, wakiwa upande wa Waingereza na wa Wajerumani, hadi ikafika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo.

Beni haikuanzishwa kwa amri ya jeshi. Watu waliolazimishwa kubeba mizigo ya vita ya wengine, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na uchovu, walijipa wenyewe vyeo vya ujenerali na ukapteni ambavyo jeshi lisingewapa kamwe.

Katika Vita Kuu ya Pili, hali ilibadilika. Uingereza ilianzisha mwaka 1939 shirika la ENSA la kuwaburudisha wanajeshi, na mwaka 1944 mwimbaji Vera Lynn alifika hadi Burma. Lakini burudani hizo zilikuwa za Kiingereza, na zilitungwa kwa ajili ya vijana wa London na Manchester. Askari wa Keya, kama kikosi cha King's African Rifles kilivyojulikana na wananchi, walitoka makabila mengi na wengi wao waliunganishwa na Kiswahili. Nyimbo za Vera Lynn hazikuwa za nyumbani kwao.

Ndipo kilipoundwa kikundi cha burudani cha askari wa Afrika Mashariki, chini ya ofisa Mwingereza Peter Colmore. Miongoni mwa wanamuziki wake alikuwamo Fundi Konde, kijana wa pwani ya Kenya aliyezaliwa mwaka 1924, ambaye huduma hiyo ilimfikisha hadi Burma.

Huko, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikisonga mbele kupitia bonde la Kabaw wakati wa masika, katikati ya tope, malaria na Wajapani waliojichimbia. Desemba 1944 ilifika Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Nembo ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru. Bendi iliyotokana na wanamuziki wa kikundi hicho cha burudani ilijulikana baada ya vita kwa jina la Rhino, yaani kifaru, kama vile The Dumbells walivyochukua jina la nembo yao.

Baada ya mizinga kunyamaza

Vita ilipokwisha, wasanii hao hawakupata malipo sawa. The Dumbells walirudi Kanada mwaka 1919, wakaanza kuzunguka nchi nzima na maonyesho yao. Mwaka 1921 walikaa wiki 12 jijini New York, na waliendelea hadi mwaka 1932, wakati mdororo wa uchumi na sinema za sauti vilipowaondolea watazamaji. Kwa miaka hiyo yote, waliokuja kuwaona walikuwa pamoja na askari wa zamani, waliosikia tena utani ambao jamaa zao wa nyumbani hawakuuelewa.

Askari Waafrika walirudi na kidogo. Mishahara na viinua mgongo katika jeshi la Uingereza vilipangwa kwa kufuata rangi, na Mwafrika alilipwa sehemu ndogo ya alicholipwa mzungu aliyetumika naye.

Kwa wanamuziki, hata hivyo, kulikuwa na kitu ambacho hakikupangwa na hazina ya jeshi. Walikuwa wamejifunza kupiga muziki kama kazi, kwa ratiba, mbele ya watu wasiofanana kabila, kwa lugha iliyoeleweka na wengi wao. Bendi ya Rhino iliendelea kupiga mijini. Fundi Konde akawa mmoja wa wanamuziki wa kwanza nchini Kenya kurekodi kwa gitaa la umeme, na nyimbo zake za Kiswahili zilisikika redioni kwa miongo mingi, kabla ya kufariki dunia mwaka 2000.

Waliozisikiliza nyimbo hizo katika madansi ya Nairobi na Mombasa walizipenda kama nyimbo za mapenzi na starehe. Ni wachache miongoni mwao waliojua kwamba mtunzi wake aliwahi kuwapigia gitaa askari waliokuwa wakisubiri kurudi vitani.