Siku Kumi na Nne katika Nyumba ya Magurudumu

Wengi wenu mmekwisha kusafiri siku nyingi, wengine juu ya lori lililojaa magunia, wengine katika meli ya ziwani. Lakini kusafiri pamoja na kitanda, jiko, meza na choo, hayo hatukuyajua mpaka tulipofika Australia kwa ndugu yetu mkubwa. Yeye akaa mjini Perth tangu alipotoka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwezi wa Agosti alikodi gari kubwa ambalo ni nyumba pia, akatuambia: «Mmekuja kuniona. Basi, tuione nchi pamoja.» Tulikuwa watu wanne: yeye na mke wake, sisi na mama wa watoto. Njia ilikuwa ya kilometa zipatazo 3,000, kutoka Perth kwenda mashariki hata Adelaide, kisha Penola.

Nyumba hiyo ni ndogo kuliko jiko la nyumbani kwetu. Meza ikishushwa huwa kitanda. Tangi la maji limefichwa chini ya kiti. Choo ki nyuma ya mlango mwembamba, na kila baada ya siku mbili tatu mtu hana budi kutoa kisanduku chake na kwenda kukimwaga mahali palipowekwa. Kazi hiyo ndugu yetu hakumwachia mtu, ijapokuwa yeye ndiye mkubwa. Lakini shida ya kwanza haikuwa choo, ilikuwa haya. Kwa desturi ya kwetu, mke halali chumba kimoja na kaka mkubwa wa mume wake, maana humheshimu kama baba mkwe. Na humo chumba ni kimoja tu! Jioni ya kwanza tulisimama nje kwa baridi, kila mtu akitazama viatu vyake. Mwisho shemeji yetu akaamua: wanawake walale nyuma, pazia lifungwe, wanaume wapande katika kitanda kilicho juu ya kiti cha dereva. Ndivyo tulivyolala bega kwa bega na ndugu yetu, jambo ambalo hatukulifanya tangu utotoni.

Toka Norseman barabara huelekea uwanda wa Nullarbor. Jina hilo latoka katika maneno ya Kilatini, maana yake «hakuna mti», ingawa kandokando ya barabara miti haikosi sana. Kati ya Balladonia na Caiguna njia imenyoka kilometa 146.6 bila kona hata moja. Sisi tuliozoea milima ya Kivu tulidhani hiyo ndiyo raha ya dereva. Kumbe humchosha zaidi, maana macho hayana kazi. Tena huko magari hupita upande wa kushoto, wala si kuume kama kwetu, kwa hiyo ndugu yetu aliendesha peke yake. Mwenye gari alikuwa amekataza kusafiri usiku, kwa sababu ya kangaru wanaoruka barabarani jua likichwa.

Mahali pengine barabara imepanuliwa na kupigwa alama za rangi nyeupe, ili ndege ya waganga ipate kutua na kuchukua wagonjwa. Tulizitazama alama hizo, tukamkumbuka mama yetu aliyekufa mwaka wa 2009 akiwa juu ya kipoyi, kabla ya kufika hospitali. Hapo neno tulilolificha miaka mingi likatutoka: «Mama alikuita mpaka mwisho. Mbona hukuja?»

Ndugu yetu hakujibu. Aliendesha mpaka jioni bila kusema. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, akasema polepole: «Habari ilinifikia kambini baada ya wiki tatu. Na hata ingalifika siku ile ile, ningeogopa kurudi, nisije nikawaacha watoto bila baba. Nilichagua watoto. Mama angenielewa. Ninyi hamkuniuliza.» Tulikosa la kumjibu. Kweli hatukumwuliza hata siku moja. Tulikuwa tumehesabu tu barua zake na kuziona chache.

Kesho yake kutwa tulikuwa tukisemezana kwa adabu nyingi mno, kama wageni. Ukingoni mwa bahari tulishuka kuwaona nyangumi na watoto wao chini ya majabali. Baadaye tulipita Yalata. Kaskazini yake liko eneo la Maralinga, ambako Waingereza walilipua mabomu 7 ya atomiki katika miaka ya 1956 na 1957. Wenyeji, waitwao Anangu, walikuwa wamehamishwa. Sehemu kubwa ya ardhi yao walirudishiwa mwaka wa 1984 tu. Mtu wa Kongo hawezi kusikia hayo asikumbuke Shinkolobwe ya Katanga, ambako Wamarekani walipata urani ya mabomu yao ya kwanza. Ndugu yetu alisema: «Mimi nilifukuzwa kwetu, nikapewa nyumba katika nchi ya watu waliofukuzwa.» Neno hilo halijatutoka moyoni.

Kufika Ceduna, askari wa mimea walipanda garini wakatunyang'anya matunda na mboga mbichi, wakiogopa wadudu. Shemeji alikuwa amejua. Usiku uliotangulia alipika kila kitu, tukala mpaka tukashindwa. Hapo ndipo tulipocheka tena sote wanne.

Penola ni mji mdogo wa mashamba ya mizabibu. Huko, mwaka wa 1866, Maria MacKillop alifundisha watoto maskini katika zizi la farasi lililokuwa halitumiki, na pamoja na Padri Julian Tenison Woods akaanzisha Shirika la Masista wa Mtakatifu Yosefu. Mwaka wa 1871 askofu wake alimtenga na Kanisa. Mwaka uliofuata, akiwa karibu kufa, askofu huyo aliiondoa adhabu. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alimtangaza Maria kuwa mtakatifu mwaka wa 2010. Ndugu yetu alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, kofia mkononi.

Kisha akamwendea padri, akaomba Misa kwa ajili ya mama yetu. Padri alishindwa kulitamka jina, akatoa karatasi liandikwe. Ndugu yetu akaandika jina la ubatizo, akasita, halafu akatupatia kalamu tuandike lile la ukoo wao, maana herufi zake alikuwa amezisahau.