Mtoto Yuko Njiani, Gari Je? Hesabu za Familia ya Konza Kabla ya Kutuma Pesa

Kati ya maswali ya wateja wetu kuhusu kuweka akiba kwa simu, kuna moja ambalo huja na haraka yake: tunatarajia mtoto, tununue gari gani? Sisi hatuuzi magari. Lakini pesa ya gari siku hizi inaanza kwenye simu, inalala kwenye simu, na wakati mwingine inapotelea kwenye simu. Kwa hivyo swali hili linatuhusu, na leo tunalijibu kwa kirefu.

Tumechagua Konza kwa sababu hapo swali linauma zaidi. Ukiwa Nairobi mjini na uchungu ukianza saa nane usiku, unaita teksi kwa programu ya simu. Ukiwa Malili au ndani kidogo kuelekea ranchi, hiyo teksi iko wapi? Kuna boda, kuna jirani mwenye pikapu, na kuna matatu za Mombasa Road ambazo usiku hazisimami ovyo. Kufika Machakos Level 5 lazima utoke hadi barabara kuu, upande mpaka Kyumbi, halafu ukate kuingia mjini. Barabara yenyewe ina malori ya Mombasa usiku kucha. Halafu kuna udongo. Konza iko kwenye nyanda za udongo mweusi, ule ambao kiangazi unapasuka na mvua ikinyesha unashika tairi kama ugali. Konza Technopolis ina lami nzuri ndani, hilo tunakubali, lakini familia nyingi haziishi kwenye lami hiyo.

Tuchukue familia ya mfano. Mke anafundisha shule karibu na Malili, ana mimba ya miezi sita. Mume anafanya kazi Nairobi, anatoka asubuhi kabla jogoo hajamaliza kuwika. Wameweka akiba miaka minne, kwa simu na kwa Sacco, wamefikisha KSh 850,000. Mume anataka Toyota Noah, na pesa inayopungua wakope kwa logibuku. Mke anasema pesa ya kujifungua isiguswe, hata kama ina maana ya kungoja gari. Wote wawili wana sababu, ndiyo maana mjadala haukwishi.

Hebu kwanza tuhesabu watu, si viti

Noah ina viti saba au vinane na milango ya kusukuma pembeni. Kwa mtu aliyebeba mtoto mkono mmoja na begi la nepi mkono mwingine, mlango wa kusukuma ni baraka, hasa ukiwa umebanwa na gari lingine sokoni. Lakini anayekuja ni mtoto mmoja. Watakaopanda gari hilo mwaka wa kwanza ni baba, mama, mtoto, na susu atakayekuja kusaidia kulea. Ukiongeza msichana wa kazi, ni watano. Tusinunue gari la watoto wanne ambao hata hatujakubaliana kuwazaa.

Gari la watu watano kama Toyota Fielder linatosha, na lina buti refu. Kwa Machakos buti ni jambo la maana: kuna kigari cha mtoto, kuna mitungi ya maji, na ukitoka kwa wazazi Makueni msimu wa maembe hurudi mikono mitupu. Kama roho yenu iko kwenye milango ya kusukuma, angalieni Toyota Sienta. Ina milango hiyo, ina safu tatu za viti kwa matoleo mengi, na injini yake ni ya lita 1.5 tu. Shida yake iko chini: imekaa karibu na ardhi, na mvua ya Novemba kwenye njia ya udongo mweusi haina huruma. Probox? Haichoki, spea zake ziko kila kona, lakini kiti chake cha nyuma kiliundwa kwa ajili ya gari la mizigo, na mama aliyetoka kujifungua atakwambia hivyo kabla hamjafika Kyumbi.

Sasa mafuta. Kutoka Malili hadi katikati ya Nairobi ni kilomita 60 na kitu, kwa hivyo kwenda na kurudi tuseme 130. Tuchukue lita moja ni KSh 180, kwa mfano tu, maana EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Gari la lita 1.5 likienda kilomita 15 kwa lita, siku moja ni kama KSh 1,560. Noah ya lita 2.0 ikienda kilomita 10 kwa lita, ni KSh 2,340. Tofauti ni KSh 780 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi inafika KSh 17,160, na hapo hatujagusa sevisi wala tairi. Hiyo ni nepi, ni kliniki, na ni sehemu kubwa ya mshahara wa msichana wa kazi. Mume akiendelea kupanda matatu siku za kazi na gari libaki nyumbani kwa dharura, hesabu inabadilika kabisa, na kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la kwanza la kujadiliana kabla ya kuangalia gari lolote: gari hili litalala wapi saa nane usiku mama akilihitaji, na nani ataliendesha? Kama mume ndiye dereva pekee nyumbani na wiki nyingine analala Nairobi, basi somo la udereva kwa mke, au jirani anayeaminika na ufunguo wa ziada, ni muhimu kuliko viti vya ngozi.

Kiti cha mtoto

Nenda kuangalia gari ukiwa na kiti cha mtoto chenyewe. Kama bado hujanunua, azima. Kiti cha mtoto mchanga hufungwa nyuma, kikitazama nyuma ya gari, na kinakula nafasi kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi kiti cha mbele lazima kisogezwe mpaka abiria anakunja magoti hadi kidevuni. Lijaribu hapo hapo yadi, baba akiwa ameketi mbele, na muuzaji akikuna kichwa mwache akune.

Ingiza vidole kati ya mgongo wa kiti cha nyuma na pale pa kukalia. Magari mengi ya Japan ya miaka ya karibuni yana vyuma viwili hapo vinavyoitwa ISOFIX, vya kushikia kiti cha mtoto bila kuhangaika na mkanda. Kama havipo si mwisho wa dunia, ila hakikisha mikanda ya nyuma ipo, inavutika na inashika. Utashangaa magari mangapi ya mkononi mikanda yake ya nyuma imezikwa chini ya vitambaa vya viti. Na usiweke kamwe kiti kinachotazama nyuma kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo ukifumka unaweza kumuua mtoto. Kumpakata pia si ulinzi: gari likigonga, hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshika.

Kwa mama mwenyewe, kabla mtoto hajafika, mkanda ni lazima. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ya juu ipite katikati ya matiti. Usiupitishe juu ya tumbo.

Kuagiza au kununua hapa

Kuagiza kutoka Japan kuna raha yake, unapata gari ambalo halijaonja mashimo yetu. Lakini sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na kodi ni nzito: ushuru wa forodha ulipanda hadi 35% mwaka wa 2023, kuna ushuru wa bidhaa wa 20% kwa injini isiyozidi cc 1500 au 25% kwa nyingi zilizozidi hapo, halafu VAT ya 16%, na ada nyingine ndogo juu yake. Kodi moja inahesabiwa juu ya nyingine, kwa hivyo usizijumlishe tu. Kwa KSh 850,000, kuagiza gari la familia ni ndoto. Na hata kama pesa ingekuwepo, safari ya meli na shughuli za bandari Mombasa huchukua wiki nyingi, na mimba ya miezi sita haingoji meli.

Kwa hivyo familia yetu inanunua gari la mkononi hapa Kenya. Hapa ndipo tunapofika kwenye mkopo wa logibuku. Tuseme wazi: hatuupendi kwa familia inayongoja mtoto. Riba yake huwa kali, gari lenyewe ndilo dhamana, na mwezi utakaoshindwa kulipa ndio utakaokuwa mwezi ambao mtoto amelazwa. Mke ni mwalimu aliyeajiriwa, sheria ya ajira ya 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na mume ana wiki mbili. Hilo ni afueni. Lakini gharama zinapanda miezi hiyo hiyo.

Ushauri wetu kwao ungekuwa hivi. Kwanza watenge KSh 150,000 za kujifungua na dharura, waziweke mahali ambapo hazichanganyiki na pesa ya gari, na wahakikishe michango ya SHA iko sawa kabla ya mwezi wa nane. Halafu KSh 50,000 za bima, uhamisho na fundi wa kwanza, maana hakuna gari la mkononi lisilo na fundi wa kwanza. Zinabaki KSh 650,000. Bei ya gari ni hiyo au chini yake. Fielder iliyozeeka kidogo lakini iliyotunzwa inawezekana. Noah nzuri, hapana. Pole, baba.

Sasa pesa inatoka

Usitume arbuni kabla hujaliona gari na kulitafuta kwenye rekodi. Ule wimbo wa "kuna mteja mwingine anakuja saa hii, tuma elfu ishirini nikushikie" ndio mtego unaonasa wengi, na mwenye haraka ya mtoto hunaswa kirahisi zaidi. Picha za gari zinaweza kuwa za mtu mwingine kabisa.

Chukua namba ya usajili, ingia eCitizen, sehemu ya NTSA, ufanye utafutaji wa rekodi ya gari. Ada yake ni ndogo na unalipa kwa simu. Jina litakalotokea lifanane na kitambulisho cha anayeuza. Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na la mwenyewe, gari hilo lina deni. Tangu sheria ya dhamana zinazohamishika ya 2017, kuna pia sajili ya dhamana unayoweza kuikagua kwenye eCitizen kujua kama kuna mkopeshaji anayelidai. Halafu tafuta fundi wako mwenyewe, si yule anayependekezwa na muuzaji. AA Kenya pia wanakagua na kuthamini magari.

Kuhusu kulipa, kumbuka vikomo. Tangu Agosti 2023, muamala mmoja hauzidi KSh 250,000, siku nzima haizidi KSh 500,000, na akaunti haiwezi kubeba zaidi ya KSh 500,000. Kwa hivyo KSh 650,000 hazitoki kwa simu siku moja. Usikubali kugawanya malipo kwa namba tatu za watu tofauti ati ndiyo yapite haraka. Kila jina jipya ni mtu mpya wa kufuatilia siku mambo yakiharibika. Afadhali sehemu kubwa ipite benki, kwa akaunti yenye jina lile lile la kwenye rekodi ya NTSA, na simu ilipe iliyobaki. Kama ni yadi, lipa kwa namba ya biashara yao, usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Si lazima ukimbizwe. Soma jina hata mara mbili.

Andikeni mkataba wa mauziano wenye namba ya chasi, bei, na misimbo ya miamala yote. Usifute zile SMS.

Uhamisho unaanzwa na muuzaji kwenye akaunti yake ya eCitizen, na wewe mnunuzi unaukubali kwenye yako. Malipo ya serikali yanapitia namba moja, 222222, kwa hivyo broka akikwambia utume ada ya uhamisho kwa namba yake "akusaidie foleni", mwambie foleni unaipenda. Mwone muuzaji akiuanzisha uhamisho mkiwa mmekaa pamoja, kabla ya salio la mwisho kutoka. Sheria ya trafiki inakupa siku 14 gari kuwa kwa jina la mmiliki mpya.

Na hilo jina, mliongelee nyumbani mapema. Katika familia yetu ya mfano, karibu nusu ya akiba ilitoka kwa mshahara wa mke. Kama gari litaandikwa jina moja tu, angalau mkataba uonyeshe nani alilipa ngapi, na nakala ya kila risiti ikae kwenye simu zote mbili. Bima ichukuliwe kabla gari halijatoka kwa muuzaji, hata ile ya mtu wa tatu ambayo ndiyo kiwango cha chini kisheria. Halafu mtu ajaribu njia ya kwenda Machakos usiku mmoja, mama akiwa bado mwezi wa saba, kujua taa za mbele zinaona mpaka wapi na ni wapi pale kwenye udongo gari linapogusa chini.