Nyumba ya Mkulima (2): Kuta, Paa na Fedha ya Kahawa Karagwe na Kyerwa

Nyumba nyingi za vijijini Karagwe na Kyerwa hujengwa na familia zinazokaa humo. Hakuna kampuni inayojenga mtaa mzima na kukabidhi funguo, wala benki inayogharimia nyumba ya mkulima kuanzia msingi hadi bati la mwisho. Familia hufyatua matofali, humwita fundi fedha ikipatikana, husimama fedha ikiisha, kisha huendelea msimu mwingine. Mtu anayezungumzia nyumba za gharama nafuu katika wilaya hizi mbili, ambazo zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, anazungumzia utaratibu huu, apende asipende. Msaada unaoufuata husaidia. Unaoupuuza huacha nyumba chache za mfano zinazopigwa picha.

Utaratibu huo una mizizi. Wasafiri wa Uingereza Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, Mukama (mfalme) wa Karagwe, mwaka 1861, nyumba ya Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, ilikuwa msonge: fito zilizopindwa na kufungwa kwa kamba za miti, zikafunikwa nyasi kutoka kileleni hadi chini. Vifaa vyote vilitoka porini na mgombani, na kazi ilifanywa na majirani waliolipwa pombe ya ndizi na kulipana zamu. Nyumba ya namna hiyo haikuhitaji fedha. Baadaye ikaja nyumba ya pembe nne ya miti iliyokandikwa udongo, halafu ya matofali. Mabonde yalipolimwa na nyasi ndefu za kuezekea kupungua, bati likashika nafasi yake. Hapo ndipo fedha ilipoingia katika ujenzi wa mtu wa kawaida, kwani udongo upo shambani lakini bati, misumari na saruji huuzwa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda.

Fedha hiyo, kwa walio wengi, hutoka kwenye kahawa. Robusta huanza kuvunwa karibu na Mei na kuendelea katika miezi ya kiangazi, na huuzwa kupitia vyama vya msingi, vingi vyake vikiwa chini ya KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe. Kwa bahati njema kiangazi hicho ndicho msimu wa kufyatua na kuchoma matofali, kwa kuwa mvua kubwa hunyesha takriban Machi hadi Mei, na nyingine Septemba hadi Desemba. Familia yenye mpango hufyatua Juni, huchoma Julai au Agosti, na hujitahidi boma liwe na paa kabla mvua za vuli hazijaanza. Asiyewahi hufunika kuta kwa majani ya migomba na kungoja mwaka mwingine. Maboma yasiyo na paa yanayoonekana kando ya barabara ya Kayanga hadi Murongo si ushahidi wa uzembe. Mengi ni akiba: mkulima aliyepata fedha Agosti huigeuza matofali, kwa sababu matofali hayakopeki kwa urahisi na hayaliki.

Kinachovuruga kalenda hiyo ni butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua au matunda mabichi mtini kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado inaendelea, maana ada ya shule na matibabu havisubiri Mei. Aliyeuza kwa butura huingia kiangazi hana mazao ya kuuza, na nyumba yake hubaki ilipokuwa. Kwa hiyo chama cha kuweka na kukopa kinachompa mkulima mkopo mdogo wa Februari kwa riba inayobebeka kinasaidia ujenzi wa nyumba kuliko kinavyodhaniwa, hata kama katiba yake haitaji nyumba mahali popote.

Ukuta wa kawaida leo ni wa matofali ya kuchoma. Udongo wa mfinyanzi hupatikana mabondeni, kibao cha kufyatulia hutengenezwa na seremala wa kijijini, na tanuri hujengwa kwa matofali yenyewe. Gharama kubwa ni kuni. Tanuri moja humeza miti mingi, na wilaya hizi zimeshawahi kujua maana ya kuishiwa miti: wakimbizi wa Rwanda walioingia Karagwe mwaka 1994, zaidi ya laki moja, walipewa makambi katika maeneo kama Chabalisa na Kagenyi, na vilima vilivyozunguka makambi hayo vilibaki vitupu kwa kukatwa kuni na fito. Mashirika kama CHEMA yalifanya kazi ya miaka mingi kupanda miti upya. Mikaratusi, migrevilea na misonobari inayoonekana leo kwenye mipaka ya vibanja (mashamba ya nyumbani) ndiyo benki halisi ya mjenzi, kwa kuwa inatoa kuni za tanuri na pia mbao za kenchi. Mkulima aliyepanda migrevilea kumi na mitano kwenye kahawa wakati mtoto wake wa kwanza anazaliwa atakuwa na mbao za paa mtoto huyo akiwa anamaliza shule.

Njia nyingine ni tofali la udongo na saruji linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Mashine ya kwanza ya aina hiyo iliyoenea duniani ni CINVA-Ram, iliyobuniwa nchini Kolombia katika miaka ya 1950. Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umeeneza tofali la kufungamana, lenye ulimi na mfereji, ambalo hupangwa bila udongo wa kuunganishia isipokuwa mistari ya mwanzo. Nchini Uganda, ng'ambo ya mto Kagera, Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni tofali lililopinda kwa ajili ya matangi ya maji.

Tofali la kushindilia linahitaji udongo unaofaa, na kuupima ni kazi ya dakika chache. Udongo huwekwa kwenye chupa ya maji, hutikiswa na kuachwa utulie: mchanga hukaa chini, tope juu yake, mfinyanzi juu kabisa. Mfinyanzi ukizidi tofali hupasuka likikauka, ukipungua halishikani. Udongo mwekundu wa vilima vya Karagwe mara nyingi hufaa, wakati mwingine baada ya kuongezewa mchanga. Uwiano wa kawaida ni sehemu moja ya saruji kwa nane hadi kumi na mbili za udongo, na tofali lazima limwagiliwe na kufunikwa kwa wiki nzima au zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu tofali linaonekana gumu siku ya pili.

Hesabu yake ni hii. Nyumba ya vyumba vitatu yenye mita 7 kwa 8 huwa na kuta za eneo la mita za mraba 90 hivi baada ya kutoa milango na madirisha. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 hujaza mita moja ya mraba kwa matofali 33, kwa hiyo yanahitajika kama 3,000. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali takriban 65, hivyo ni mifuko 45 au zaidi kidogo kwa kuta peke yake. Ukilinganisha na tofali la mchanga na saruji, nafuu ni kubwa. Ukilinganisha na la kuchoma, jibu hutegemea mtu: mwenye mfinyanzi, miti yake na vijana nyumbani atatumia fedha taslimu kidogo zaidi akichoma, kwa sababu saruji husafirishwa kutoka viwanda vya mbali, vingi vikiwa pwani, na nauli yake hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Asiye na miti, au anayejenga karibu na mji ambako kuni zina bei, ndiye anayefaidika na mashine. Watetezi wa tofali hili mara nyingi husahau kulisema hilo, nao wakulima hawalisahau.

Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilileta swali jingine. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake karibu na Nsunga wilayani Missenyi. Liliua watu zaidi ya 15 na kujeruhi mamia. Madhara makubwa yalikuwa Bukoba na Missenyi, lakini Karagwe na Kyerwa nazo hazikusalimika. Nyumba nyingi zilizoanguka hazikuwa na tofali bovu. Zilikuwa na kuta zilizounganishwa kwa tope tupu, bila lenta ya kuzunguka nyumba nzima, pembe zisizofungamana, na paa zito lililokaa juu ya ukuta bila kufungwa. Kagera ipo kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, kwa hiyo tukio hilo linaweza kurudi.

Funzo lake kwa mjenzi mwenye fedha kidogo linahusu mpangilio wa matumizi. Saruji kidogo inayonunuliwa isiishie kwenye plasta ya mbele ya nyumba, ambako wageni huiona. Ielekee kwanza kwenye msingi wa mawe ulioinuliwa kutoka kwenye maji ya mvua, kisha kwenye lenta ya zege yenye nondo inayozunguka kuta zote, ya nje na za kati. Ukuta wa tope uliofungwa hivyo, wenye madirisha madogo yasiyokaribiana na pembe, una nafasi nzuri zaidi ya kubaki wima kuliko ukuta wa saruji usiofungwa. Plasta na rangi vinaweza kungoja kahawa ya mwaka ujao. Lenta haiwezi kungoja, kwani baada ya kupaua haiongezeki.

Paa ndilo linalokula fedha taslimu nyingi zaidi. Bati lenye namba kubwa ya geji ndilo jembamba: geji 30 hununuliwa zaidi kuliko 28 kwa sababu ya bei, na madukani kuna mabati mengine mepesi zaidi ambayo hupinda fundi akikanyaga. Anayeweza kununua machache kila msimu hufanya vizuri kununua yaliyo mazito, hata kama nyumba itachelewa mwaka. Nafasi kati ya bati na ukuta iachwe ili joto litoke, na dari ya mkeka au mbao nyepesi hupunguza kelele za mvua.

Bati pia ni chanzo cha maji, jambo lenye maana katika nchi ya vilima ambako chemchemi ziko mabondeni na wanawake na watoto hupandisha ndoo. Paa la nyumba iliyotajwa, pamoja na ukingo wake, hufunika mita za mraba 72. Mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hata ikipotea sehemu ya tano, huacha lita 50,000 na zaidi. Familia ya watu sita inayotumia lita 20 kila mmoja kwa siku huhitaji lita 43,800 kwa mwaka. Maji yapo, kinachokosekana ni pa kuyaweka. Kwa kuwa kiangazi cha Juni hadi Agosti kina siku 90 hivi, tangi la lita 10,000 lililojaa Mei linakaribia kutosha. Shirika la MAVUNO la Karagwe, pamoja na wahandisi wa kujitolea wa Ingenieure ohne Grenzen kutoka Ujerumani, limejenga matangi ya aina hii na kuwafunza mafundi wa hapohapo.

Choo na jiko hujengwa mbali kidogo na nyumba, navyo husahaulika kwenye bajeti. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilichimba vyoo vingi nchi nzima, lakini ardhi yenye mwamba ya baadhi ya vilima bado inafanya shimo refu kuwa kazi ngumu. Choo kikavu kinachotenganisha mkojo, kilichofanyiwa majaribio na MAVUNO na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, huwekwa juu ya ardhi na kurudisha mbolea mgombani.

Kwa upande wa mikopo, Tanzania iliwahi kuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 1995. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 na kampuni ya TMRC iliyoundwa mwaka 2010 zimepanua mikopo ya miaka mingi, lakini walengwa wake ni wenye mishahara na hati mijini. Kwa mkulima wa Kaisho au Nyaishozi, mkopo wa miaka ishirini si jambo la kutamani hata ungepatikana. Anachohitaji ni mkopo wa miezi kumi na miwili wa kutosha mabati na mbao, unaolipwa kahawa ikiuzwa. Vyama vya kuweka na kukopa (SACCOS) na vikundi vya VICOBA hutoa mikopo ya namna hiyo. Katika kaya maskini kabisa, ruzuku ya TASAF chini ya mpango wa kunusuru kaya maskini nayo imegeuzwa mabati, kidogo kidogo.

Msingi wa yote ni kiwanja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, familia inaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kutoka halmashauri ya kijiji, ikiandikwa majina ya mume na mke. Hati hiyo bado haikubaliwi na benki nyingi kuwa dhamana, lakini hulinda kibanja dhidi ya ndugu. Kinga hiyo ina uzito zaidi kwa wanawake, maana mila za Kagera zilimpa mwanamke haki ya kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, hadi Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipoamua mwaka 1990 kwamba zuio hilo ni la kibaguzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mjane aliyefyatua matofali pamoja na mumewe kwa miaka minane, ambaye jina lake halimo kwenye karatasi yoyote ya kijiji, hulazimika kuithibitisha nyumba yake kwa mashahidi mbele ya baraza la ardhi, na mashahidi hao mara nyingi ni wa ukoo unaoidai.